Damu ile haikuwa ya mbu

Najua nilipotea, na kuna walioanza kusema nimeolewa kimya kimya. Hapana jamani, nilikuwa TP. Wiki nane za mazoezi ya kufundisha, halafu kurudi chuo nikakuta foleni ya usajili, foleni ya vyumba, na bumu lenyewe bado halijaingia. Kwa hiyo leo nimejilaza zangu juu ya dabo deka, mfukoni sina hata mia, nikaona niwaandikie kitu ambacho nimekibeba moyoni tangu nirudi. Kina sehemu ya kuchekesha. Ila siyo chote.

Mimi, kama mnavyojua, masomo yangu ya kufundishia ni Bailojia na Kemia. Nilipangiwa shule moja kule Ubena Zomozi. Kwa wasiopajua: unatoka Dar kwa barabara ya Morogoro, unapita Kibaha, unapita Mlandizi, unafika Chalinze pale njia inapochepuka kwenda Tanga. Wewe huchepuki, unanyoosha tu kuelekea Morogoro mpaka Ubena. Zamani kote huko ilikuwa Wilaya ya Bagamoyo, siku hizi ni Halmashauri ya Chalinze. Wakwere wapo, Wazigua wapo, wafugaji na ng'ombe wao wapo, na malori yanaunguruma barabarani usiku kucha. Na mbu wapo. Wapo kweli kweli.

Wiki ya pili nikaambiwa mhadhiri anakuja kunikagua. Mada ilikuwa wadudu. Nikasema hapa nimepata, maana wadudu niliwapigia msuli mwaka wa pili mpaka nikapata A. Desa langu lilikuwa na michoro ya rangi, wenzangu walikuwa wanapanga foleni kulitoa kopi. Nikamtafuta panzi mmoja mkubwa, nikamtia kwenye chupa, nikaingia darasani kifua mbele.

Nikamwaga nondo. Mwili wa mdudu una sehemu tatu: kichwa, kifua, tumbo. Miguu sita, yote imeota kifuani, hakuna mguu unaoota tumboni. Mifupa hana, ile ngozi ngumu ya nje ndiyo kiunzi chake, ndiyo maana akitaka kukua lazima ajivue. Moyo wake ni mrija mrefu unaopita mgongoni, na uzi mkuu wa fahamu unapita chini upande wa tumbo, kinyume kabisa na sisi. Panzi ana jozi 10 za matundu ya hewa ubavuni, 2 kifuani na 8 tumboni. Uchafu wa mwilini unachujwa na vimirija vyembamba vinavyoitwa mirija ya Malpighi, kwa jina la yule daktari Mwitaliano, Marcello Malpighi, wa miaka ya 1600. Damu yake haina rangi, na haitembei ndani ya mishipa kama yetu, inajimwaga tu ndani ya mwili na kuogesha viungo vyote.

Yote hayo kwa Kiingereza, kama sheria ya sekondari inavyotaka. Wanafunzi wanaandika. Mhadhiri nyuma kabisa, miguu kaikunja kwenye kidawati, naye anaandika. Mimi nateleza tu.

Mwishoni nikauliza kama kuna mwenye swali. Mnalijua lile swali la walimu, ambalo kwa kweli linaomba kimya. Binti mmoja wa dawati la pili akanyoosha mkono. Akaanza kwa Kiingereza, kikamkatikia njiani, akaomba ruhusa aulize kwa Kiswahili.

"Madamu, umesema damu ya mdudu haina rangi. Mbona mbu ukimpiga anatoa damu nyekundu? Mbu si mdudu?"

Wadau, niliganda. Swali la mtoto mdogo hilo. Mbu nimewaua tangu nina miaka minne. "Damu ya mdudu haina rangi" nimeliandika kwenye mtihani nikapewa alama. Lakini vitu hivyo viwili vilikuwa havijawahi kukutana kichwani mwangu hata siku moja. Kimoja kiliishi kwenye desa, kingine kiliishi ukutani nyumbani kwetu.

Nikatupa jicho nyuma. Kalamu ya mhadhiri iko juu, inasubiri. Nikazuga.

Nikasema, tena kwa sauti ya kujiamini, kwamba wadudu wanatofautiana. Panzi anakula majani, kwa hiyo damu yake haina rangi. Mbu yeye ni wa aina nyingine, ana damu nyekundu. Nikageukia ubao nikafuta.

Binti akaandika. Nilimwona akiandika. Mhadhiri, ambaye somo lake si Bailojia, akatikisa kichwa kukubali, na baadaye kwenye fomu yangu nikasoma kwamba mwalimu huyu anajiamini na anajibu maswali vizuri. Alama nzuri tu. Jioni tukanywa soda na wenzangu wa TP, mimi ndiye niliyenunua.

Usiku ule ule nikiwa ndani ya chandarua nikapiga mbu, akapasuka kiganjani. Nyekundu. Nikaitazama ile damu kwa mwanga wa simu na hapo hapo nikajua. Hii si damu ya mbu. Hii ni yangu. Ilikuwa tumboni mwake kama ugali unavyokuwa tumboni mwangu. Hakuna mtu anayesema ugali ni sehemu ya mwili wake.

Nikasema nitarekebisha kipindi kijacho. Kipindi kijacho nikaingia mada nyingine, maana silabasi ilikuwa inanikimbiza. Cha tatu vilevile. Kiukweli siyo silabasi. Niliona aibu. Mwanafunzi wa chuo kikuu, mgeni wa shule, nisimame niseme nilidanganya? Nikajiambia watasahau.

Baada ya wiki mbili na ushee yule binti hakuonekana siku tatu. Aliporudi nikamuuliza alikuwa wapi, akasema alikuwa anamsaidia mama, mdogo wake alishikwa na malaria. Walimpeleka zahanati, wakampima kwa kile kipimo cha kutoboa kidole, ikaonekana ipo, akapewa dawa mseto. Sasa anaendelea vizuri.

Nikasema pole. Akasema asante madamu. Halafu akaongeza, hivi hivi tu, kama anayepiga stori:

"Zamani mimi ndiye nilikuwa nakagua chandarua asubuhi. Nikikuta mbu mwekundu ndani namwambia mama, tunatafuta tobo. Siku hizi nimeacha, si ulisema mbu ni mwekundu mwenyewe?"

Jamani. Sijui niwaelezeje. Nilihisi kama sakafu imesogea.

Nilichofanya nikifika chumbani kitawachekesha. Nilichukua kalenda nikapiga hesabu. Nilijua homa ya malaria haiji siku ile ile uliyoumwa, mara nyingi huchukua siku 10 hadi 15 tangu mbu akuume, na kabla ya siku 7 ni nadra. Kwa hiyo kama mtoto aliugua ndani ya wiki moja baada ya kipindi changu, basi aliumwa kabla, mimi simo. Nikahesabu kwa kidole. Siku ya 16. Nikahesabu tena nikianzia kesho yake. Siku ya 15. Hesabu ikakataa kunitetea. Haikunitia hatiani pia, maana nani anajua mbu yupi alimuuma mtoto yupi, saa ngapi, ndani au nje ya chandarua. Lakini nilishajiona nilivyokuwa natafuta upenyo, na hilo lilinitosha.

Jumamosi nikanunua kilo moja ya sukari nikaenda kwao. Mama yake alikuwa anapepeta mahindi uani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwalimu, karibu. Lete kiti wewe, mwalimu amesimama!"

Yule mdogo mtu mwenyewe alikuwepo, mzima kabisa, amemfunga panzi uzi mguuni anamrusha kama ndege. Nikakaa. Nikaulizia mgonjwa, nikaulizia mvua, nikazunguka weee, mwisho nikasema.

"Mama, nimekuja kwa sababu ya kitu nilichomfundisha binti yako, kuhusu damu ya mbu. Nilikosea."

Akacheka kidogo, wala hakuacha kupepeta.

"Mbona najua mwalimu. Damu ile ni ya wanangu. Mimi nimefua mashuka mangapi?"

"Sasa mbona hukumwambia?"

"Nimwambie nini? Kwamba mwalimu wake wa chuo kikuu kasema uongo, mimi niliyeishia la saba ndiye najua? Nikishamwambia hivyo, kesho ukimfundisha la kweli atalishika? Nikanyamaza."

Akasema tobo lilikuwa chini, upande wa ukutani, alikuja kuliona wakati mtoto anaumwa. Amelishona kwa uzi mweusi. Hakulisema kwa kunilaumu, alilisema kama mtu anavyosema paa lilivuja nikaziba.

Nilirudi kwa miguu nikiwaza neno lile, "nikanyamaza". Yule mama alikuwa na jibu sahihi nyumbani kwake, akalifungia mdomoni ili heshima yangu isivunjike mbele ya mtoto wake. Na mimi nilikuwa na jibu sahihi tangu usiku ule wa kwanza, nikalifungia mdomoni kwa ajili ya heshima hiyo hiyo. Wote tulikuwa tunalinda mtu mmoja. Mtoto ndiye akabaki hana wa kumwambia.

Jumatatu nikaingia darasani nikasema kwa Kiswahili, mwalimu mkuu anisamehe: "Wiki ile niliwajibu vibaya. Damu nyekundu ya mbu si yake. Msiniamini mimi, tutaangalia wenyewe." Nikawapa kazi ya nyumbani: kesho asubuhi kila mtu akague chandarua na kuta, alete mbu kwenye kiberiti.

Kesho yake vikaja viberiti vingi kuliko nilivyotegemea. Tukatandika karatasi nyeupe mezani, tukawapanga. Kwanza madume. Dume utamjua kwa vipapasio vyake vyenye manyoya mengi kama brashi, wakati vya jike vina manyoya machache. Dume hanyonyi damu kabisa, anakunywa maji matamu ya maua. Pili, majike wenye tumbo bapa. Tatu, majike wenye tumbo lililovimba. Kila kikundi kikawaponda wa kwake kwa kitako cha kalamu, mkono usiguse, na sabuni ilikuwa mlangoni. Madume: unyevu tu. Majike bapa: unyevu tu. Waliovimba: nyekundu. Darasa zima likapiga kelele kama goli limeingia.

Nikamwomba binti wa dawati la pili aje aseme amejifunza nini. Akasema, "Nyekundu ni ya mtu." Maneno manne. Mimi ilinichukua miaka mitatu ya chuo.

Halafu akauliza lile ambalo mimi sikuwahi kumuuliza mwalimu yeyote. Kwa nini ya mbu mwenyewe si nyekundu?

Safari hii nilikuwa nimejiandaa. Damu yetu ni nyekundu kwa sababu ya hemoglobini, na kazi ya hemoglobini ni kubeba oksijeni kutoka mapafuni kuisambaza mwilini. Mdudu hana mapafu. Yale matundu ya ubavuni yanaingia kwenye mirija ya hewa, mirija inagawanyika na kugawanyika mpaka inakuwa myembamba ajabu, na hewa inafika mpaka kwenye misuli yenyewe. Kwetu sisi oksijeni inapanda daladala. Kwa mdudu inatembea kwa miguu mpaka mlangoni. Sasa kama abiria anatembea, daladala ya nini? Damu ya mdudu inabeba chakula, inabeba taka, lakini hewa si kazi yake. Wapo wachache tofauti, kama vibuu vya baadhi ya wadudu wanaofanana na mbu, wanaoishi kwenye matope yasiyo na hewa ya kutosha. Hao wana hemoglobini na ni wekundu kweli. Lakini mbu wetu hayumo.

Nikiwa naeleza hilo ndipo na mimi likaniingia vizuri. Kwenye desa langu "upumuaji" ulikuwa ukurasa wa 14 na "mzunguko wa damu" ukurasa wa 17. Nilivisoma kama vitu viwili. Kumbe ni kitu kimoja: damu iko vile kwa sababu hewa inapita kule. Swali la mtoto wa Ubena ndilo lililogundisha kurasa zile mbili.

Kijana mmoja wa nyuma akauliza, sasa malaria inakaa wapi ndani ya mbu? Tukarudi ubaoni. Mbu akimnyonya mtu mwenye malaria, vimelea vinaingia tumboni na ile damu nyekundu. Vinatoboa ukuta wa tumbo, vinajenga vifuko upande wa nje wa ukuta huo. Vifuko hivyo ndivyo Ronald Ross alivyoviona kwa hadubini kule Secunderabad, India, tarehe 20 Agosti 1897, na mwaka 1902 akapewa tuzo ya Nobel. Vifuko vikipasuka, vimelea kwa maelfu vinaingia kwenye damu ya mbu mwenyewe, ile isiyo na rangi. Na kwa kuwa haina mishipa ya kuibana, vinaelea mwili mzima mpaka vinakuta tezi za mate. Safari yote huchukua kama siku 10 hadi 14. Mbu akiuma tena, sindano yake ina njia mbili, moja ya kuingiza mate na moja ya kuvuta damu. Vimelea vinatoka na mate. Kwa hiyo yule mbu mwekundu wa asubuhi hakuletei damu ya jirani, anakuambia jambo moja tu: huyu alishaingia, na mmoja wenu ameshaumwa. Tafuta tobo.

Nikawaambia na hili, wengi hawakulijua. Chanjo ya kwanza ya malaria, RTS,S, ilijaribiwa kwa watoto 15,459 katika nchi 7 za Afrika kuanzia 2009, na moja ya vituo 11 ilikuwa hapo hapo Bagamoyo, kwenye tawi la Taasisi ya Afya Ifakara. Watoto wale sasa hivi ni rika lenu. Chanjo ile inamvizia kimelea katika umbo lile lile analotoka nalo kwenye mate ya mbu. Shirika la Afya Duniani liliipitisha Oktoba 2021, na ya pili, R21, ambayo nayo ilijaribiwa Bagamoyo, ikafuata Oktoba 2023. Darasa likawa kimya. Nadhani walizoea kusikia kwamba vitu vya kwenye kitabu vimetokea kwa watu wengine, mbali.

Siku ya kuondoka yule binti alinisindikiza mpaka kituoni. Akaniambia ameanza tena kukagua chandarua, na mdogo wake ndiye anashika tochi. Basi likaja, sikupata cha kumwambia zaidi ya "soma mwanangu", kama bibi kizee.

Nilimwandikia mhadhiri kumweleza kwamba lile jibu alilolisifia lilikuwa la uongo. Bado hajajibu. Labda atanipunguzia alama, sawa tu.

Jana dada mmoja wa mwaka wa pili kagonga mlango anaomba lile desa la wadudu, mtihani umekaribia. Nilimpa. Ila nilikaa naye nusu saa, nikamuuliza: damu ya mdudu ina rangi gani? Akajibu haraka haina rangi, kama kanda ya kaseti. Nikamuuliza, na ya mbu?

Akafungua mdomo. Akaufunga. Akacheka.

"Dada, sijui."

Nikamwambia hapo umenipita, mimi nilishindwa kulisema hilo mbele ya darasa zima.

Haya wadau, naona foleni ya chakula imeanza kusogea. Kama kuna mwenye mia tano ya kunikopesha mpaka bumu liingie, chumba changu mnakijua.